Jibu Hasi Si Mwisho wa Shaka: Funzo la Biharamulo

Familia inapofiwa, jambo la kwanza linalotushughulisha ni haki za maiti: kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Lakini je, ikiwa marehemu alikuwa na homa kali na kutokwa damu, na kipimo cha kwanza kikasema hana Marburg, tuko huru kumwosha kwa mikono yetu?

Swali hili si la kubuni. Januari 2025, serikali ilieleza kwanza kuwa sampuli kutoka Kagera hazikuonyesha virusi hivyo. Uchunguzi haukusimama, na tarehe 20 mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko wa Biharamulo ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, walihesabiwa watu 10, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa. Wote walifariki.

Siri ya jambo hili imo katika hesabu iliyoasisiwa na Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1763, baada ya kifo chake. Hesabu hiyo inatufundisha kwamba ushahidi mpya haufuti tulichokijua awali, bali hukiongeza au kukipunguza uzito.

Tuchukue mfano tu. Wagonjwa 100 wana dalili na waliwagusa wagonjwa wengine. 20 kati yao wana virusi. Kipimo cha mapema mno kinawagundua 10. Wanabaki 90 wenye jibu hasi, na miongoni mwao 10 wanaumwa: mmoja katika kila tisa. Shaka imepungua, haikuondoka. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaagiza kuwa sampuli iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze, ikitoa jibu hasi, kipimo kirudiwe.

Lakini ile 20 ya mwanzo hutoka wapi? Kwa maradhi adimu takwimu ni chache. Mlipuko wa Bukoba wa mwaka 2023 ulikuwa na wagonjwa tisa tu. Hapo huulizwa mabingwa waliowahi kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo, kila mmoja akataja makadirio yake, yakapimwa pamoja, kisha yakasahihishwa kila ushahidi unapoongezeka. Hiyo ni shura yenye mizani.

Shura hiyo haikuwaacha nje watu wa dini. Mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilitunga mwongozo wa mazishi salama kwa kushirikiana na mashirika ya dini, likiwamo Islamic Relief. Kwa Waislamu, tayammamu ilikubaliwa badala ya josho la maji, na sanda na sala ya jeneza havikuondolewa.

Basi kwa familia za Biharamulo, na za Ngara inayopakana na Rwanda na Burundi, nasaha yetu ni moja. Penye dalili na shaka, tusiufunue mwili kwa kutegemea karatasi moja ya majibu. Tuwaite wahudumu wa afya na imamu wetu, tusubiri kipimo cha pili, na tumsalie marehemu tukiwa mbali kidogo. Kumhifadhi aliye hai hakumvunjii heshima aliyetangulia.