Injini Ingurumayo Pasipo Safari

Mtae ni kijiji kilichokaa ukingoni mwa Milima ya Usambara ya Magharibi, mahali ambapo ardhi hukoma ghafla na macho yakashuka moja kwa moja hata nyika za Mkomazi. Na kwa kuwa mji wa Lushoto uko mbali, na ule wa Mombo, chini ya mlima, mbali zaidi, mabasi ya huko yana ada ya kuondoka kabla ya jua kuchomoza. Baridi ya wakati huo, hasa katika miezi ya Juni na Julai, ni kali, na aghalabu dereva huwasha injini mapema, akaiacha ikinguruma, yeye akaenda kunywa chai, konda akapanga mizigo, na abiria wakajikunyata ndani ya vitenge na makoti, wote wakiwa na itikadi moja kwamba chombo kinapashwa moto kwa manufaa yake. Itikadi hiyo naipinga kwa moyo wangu wote, kwa sababu injini ya dizeli ni kitu nikipendacho, na huniuma kuiona ikidhulumiwa na watu wadhanio kuwa wanaihurumia.

Siri ya jambo hili imo katika tabia ambayo injini ya dizeli haishiriki na ile ya petroli. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye mashine yake ilifanya kazi kwa ufanisi mjini Augsburg mwaka 1897, aliiacha cheche ya umeme, akategemea hewa peke yake: hewa hushindiliwa ndani ya silinda hata joto lake likapita nyuzi 500, na mafuta yakinyunyizwa humo hujiwasha yenyewe. Sasa, injini ya petroli ikinguruma palepale huzibiwa mlango wake wa hewa, ikavuta hewa haba na mafuta haba. Lakini ile ya dizeli, kwa kawaida, haina kizuizi cha namna hiyo. Iwe inapanda mlima na shehena ya kabichi na viazi, iwe imesimama stendi haina hata abiria mmoja, kila pistoni ishukapo huvuta hewa tele, na kinachobadilika ni kiasi cha mafuta tu. Basi katika hali ile ya kunguruma palepale, mafundi waiitayo sailensa, mafuta ni tone dogo, hewa ni nyingi, na sehemu kubwa ya hewa hiyo huingia ikiwa baridi na kutoka ikiwa imechukua joto la silinda. Hivyo injini iliyoachwa ingurume ili ipate moto hujipoza yenyewe, na katika alfajiri ya Mtae yaweza kusimama saa nzima maji yake yasifike nyuzi 80 au 90, ambazo ndizo joto lililokusudiwa na waliotengeneza chombo.

Madhara yafuatayo hapo huja polepole na kwa siri, na ndiyo maana watu hawayaamini. Katika silinda isiyo na joto la kutosha, mafuta yote hayapati kuungua; baadhi yake hugota kwenye ukuta wa silinda na kuosha utando mwembamba wa oili ambao ndio kinga ya chuma dhidi ya chuma. Ringi za pistoni, ambazo hukandamizwa ukutani kwa nguvu ya mwako, zikikosa nguvu hiyo hulegea katika kazi yake, na mafuta mabichi huteremka kupitia kando yake hata kwenye oili iliyo chini, yakaipunguza uzito na kuiharibu. Masizi nayo hujikusanya kwenye midomo ya nozeli, hata ule unyunyizaji uliokuwa kama ukungu ukageuka matone, na matone huungua vibaya zaidi, na kuungua vibaya huzaa masizi zaidi. Mwisho wake ukuta wa silinda, ambao kiwandani ulichorwa mistari myembamba kwa makusudi ili ushike oili, hupakwa utando mgumu, ukang'aa na kuteleza. Injini ikaanza kula oili, na bomba la moshi likatoka majimaji meusi yenye kunata. Mwenye gari huambiwa na fundi kwamba injini imechoka, wala hakumbuki zile saa ilizochoshwa ikiwa haiendi popote.

Hapa pana kosa la hesabu. Watu wengi hubadili oili kwa kutazama kilomita, na saa za kusimama hazihesabiwi na mita ya kilomita. Kampuni ya Ford ya Marekani, katika kuwaelekeza wenye magari yake ya kazi, kama yale ya polisi, imekadiria saa moja ya kunguruma palepale kuwa sawa na mwendo wa maili 33, yaani kilomita 53 hivi. Na mafuta nayo? Tuseme basi la wastani hunywa lita 2 kwa saa likiwa limesimama. Likifanya hivyo alfajiri 300 kwa mwaka, lita 600 zimeteketea, na hakuna abiria aliyefikishwa hata Mlalo ya jirani. Jambo hili naliita israfu. Kisha ile oili iliyoharibika kabla ya wakati wake humwagwa nyuma ya gereji, na katika nchi ya miteremko kama Usambara kilichomwagwa juu hakikai juu: mvua hukiteremsha mabondeni, kwenye vijito vinyweshavyo karoti na kabichi zinazoliwa hata Tanga na Dar es Salaam.

Walakini insafu yataka dereva asikilizwe. Basi lenye breki za upepo halina ruhusa ya kuondoka kabla mitungi yake haijajaa, na kwenye barabara ipakanayo na magenge namna ile sitamsifu yeyote aharakishaye jambo hilo. Lakini kazi hiyo ni ya dakika chache. Oili za zamani za daraja moja zilikuwa nzito mno katika baridi, na wazee waliojifunza udereva kwa oili hizo walikuwa na haki ya kungoja. Oili za siku hizi hufika kwenye beringi upesi, na injini hupata joto mapema zaidi ikiendeshwa taratibu kuliko ikiachwa imesimama.

Tena iko saa ambayo kungoja ni wajibu, nayo ndiyo hiyo isiyongojwa. Kutoka Mombo hata Lushoto ni kilomita zipatazo 33, na katika mwendo huo barabara hupanda karibu mita 1,000. Gari lenye tabo, kile kifaa kisukumacho hewa ndani ya injini, hufika juu na kifaa hicho kimezunguka hata mara 100,000 kwa dakika na zaidi, kikipitiwa na moshi wenye joto la nyuzi mamia. Dereva azimapo ghafla, oili husimama ndani ya beringi za tabo zilizo moto, ikaungua na kuwa masizi magumu. Dakika mbili tatu za kunguruma hapo zingeiokoa tabo. Lakini yuleyule aliyeacha injini iwake saa nzima asubuhi, akifika huzima mara moja na kushuka.

Na sababu ya kweli ya kutozima mara nyingi si baridi: ni betri iliyokwisha na stata iliyochoka, ambazo mwenye basi hataki kuzinunua. Uzembe huo abiria huulipa kwa mapafu yao, maana moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu visababishavyo saratani kwa binadamu, na stendi ndipo watoto wa shule na wauza chai wasimamapo.

Wala si mabasi peke yake: jenereta za dizeli ziwashwapo kwa ajili ya taa mbili tatu huugua maradhi hayohayo ya silinda isiyo na joto la kutosha. Kadhalika pampu za maji, trekta na malori ya mboga yasubiriyo mzigo. Tiba yake ni kazi: injini ikibeba mzigo wake sawasawa, sehemu ya masizi huungua na kutoka, na kwa hilo mlima wa Mombo huwafaa sana wenye mabasi. Ila ukuta wa silinda uliokwisha kung'aa hauponywi na mlima. Huo hutaka injini ifunguliwe, silinda zikwaruzwe upya na ringi zibadilishwe.