Ndege ya Ramani na Ndege ya Mabomu

Wasomaji wa gazeti hili wanaokaa pande za Kibera na Kawangware, hapa Nairobi, hawashangai kumwona mtoto ameinamia kipande cha bati, mkasi mkononi, akitengeneza motokaa au eropleni. Tangu zamani watoto wetu wamefanya hivyo kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, nyaya, na nyayo za kandambili zilizokwisha. Tena kwa kuwa uwanja wa ndege wa Wilson uko jirani na Kibera, ndege hupita juu ya mapaa kila siku, wala mtoto hana haja ya kitabu ili ajue ndege ina umbo gani.

Lakini umbo ni jambo moja, na alama zilizoandikwa ubavuni ni jambo jingine. Nataka kuandika juu ya alama hizo, kwa sababu herufi chache tu zilinitia aibu mbele ya mzee wa watu, nami nikajifunza kwazo jambo litufaalo sisi makarani, na litakalowafaa wakulima pia.

Jirani yangu huku Kawangware ana kijana wa miaka 14 mwenye mikono mizuri. Likizo moja alitengeneza mfano wa ndege kubwa ya vita ya Kiingereza iitwayo Lancaster, yenye injini nne na mikia miwili ya kusimama. Hakubahatisha vipimo. Ndege yenyewe ina upana wa meta 31 toka ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili. Kijana akagawanya kwa 72, kama wafanyavyo mafundi wengi wa mifano duniani, akapata sentimeta 43. Kisha akaipaka rangi za vita, kijani na kahawia mgongoni na nyeusi tumboni, na ubavuni akaandika AJ-G kama alivyoona katika picha kwenye simu.

Nilimsifu, nikamweleza maana ya herufi zile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege nyingi za Jeshi la Anga la Uingereza ziliandikwa herufi tatu. Mbili zilikuwa alama ya kikosi, na ya tatu ilikuwa ya ndege yenyewe. AJ ilikuwa alama ya kikosi cha 617, na G ilikuwa ndege ya kiongozi wao, Guy Gibson, usiku wa tarehe 16 Mei 1943 walipokwenda kuvunja mabwawa ya maji huko Ujerumani. Kijana alifurahi, nami nilijiona mwalimu.

Jumamosi tukavuka Barabara ya Ngong, tukashuka Makina, Kibera, kumwamkia mzee mmoja wa Kinubi aliye rafiki yangu. Marehemu baba yake alikuwa askari wa K.A.R., na alipoacha jeshi alipata kazi ya ulinzi katika uwanja wa ndege wa Eastleigh. Kijana akampa shikamoo na kuuweka mfano wake mikononi mwa mzee. Mzee akaugeuza huku na huku kwa muda mrefu.

"Umbo lake ndilo," akasema. "Lakini ile niliyoiona mimi nilipokuwa mtoto haikuwa na rangi hizi. Ilikuwa rangi ya fedha, iking'aa kama sufuria mpya. Na ubavuni ilikuwa na herufi moja tu. Baba aliniambia, hiyo ni ndege ya ramani."

Hapo ndipo nilipokosea. Nikamwambia kwamba vitabu vyasema herufi ni tatu, na kwamba miaka mingi imepita, labda kumbukumbu imechoka. Mzee hakukasirika. Alimrudishia kijana ndege yake, akasema, "Vitabu umevisoma wewe, mwanangu. Ndege niliiona mimi."

Tuliporudi Kawangware mambo yalizidi kuchanganyika. Nyanya mzaa mama yake kijana, aliyekulia chini ya milima ya Nyandarua, aliuona ule mfano mezani, akamwambia mjukuu wake autoe nje. "Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitupa mabomu msituni," akasema, wala hakutaka kuongeza neno.

Kijana akanijia jioni. "Mjomba," akaniuliza, "yule mzee asema ni ndege ya ramani, na nyanya asema ni ya mabomu. Nani mkweli?" Alikuwa amekwisha kutafuta peke yake, akasoma kwamba ndege kubwa zilizotumiwa wakati wa Hali ya Hatari zilikuwa za namna iitwayo Lincoln. Kisha akapata picha ya Lancaster moja iliyoandikwa jina la mji wa Lincoln karibu na pua. Akaona amemaliza kazi: kumbe ni ndege moja tu yenye majina mawili! Karibu nikubaliane naye. Lakini nilikumbuka jibu la yule mzee, nikasema safari hii hatutaandika neno mpaka tupate ushahidi.

Tulifanya kazi hiyo jioni nne, na njia tuliyoifuata naieleza hapa, maana yaweza kumfaa mtu yeyote atakaye kutengeneza mfano ulio kweli.

Kwanza, tulijifunza kutofautisha nambari na herufi. Kila ndege ya jeshi ina nambari yake, nayo haibadiliki tangu siku inapotoka kiwandani. Hiyo ni kama nambari ya kitambulisho cha mtu. Herufi za kikosi ni kama namba ya jezi ya mpira: akihamia timu nyingine apewa nyingine. Kwa hiyo mwenye kutafuta alama za kweli huanza na nambari, kisha huuliza ndege hiyo ilikuwa katika kikosi gani, mwaka gani.

Pili, tulijifunza kusoma duara la rangi lililo ubavuni. Tangu 1940 duara hilo lilizungushiwa utepe wa manjano. Mwaka 1947 likaamriwa duara jipya la rangi tatu tu, nyekundu katikati, kisha nyeupe, kisha buluu. Basi picha ya ubavu wenye duara lisilo na manjano, juu ya ndege ya namna hii, kwa kawaida ni picha ya baada ya vita. Lakini yataka hadhari, maana ndege ya zamani yaweza kupakwa upya kwa ajili ya ukumbusho, ikarudishiwa manjano ambayo ilikuwa haina tena.

Tatu, tulijifunza kwamba vikosi viliandika kila siku katika daftari zao ni ndege gani iliyoruka na nani aliyeirusha. Daftari hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza, mjini London. Lakini mara nyingi mwandishi wa daftari aliandika nambari akaacha herufi. Hapo picha yenye tarehe ndiyo shahidi wa pili, na mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja.

Basi, tulipoifuata nambari ya ile ndege iliyoandikwa jina la Lincoln, tulipata PA474. Na habari zake zilinifanya nione haya.

Ndege hiyo ni Lancaster, si Lincoln. Jina lililo puani ni heshima kwa mji wa Uingereza tu. Iliundwa mwaka 1945 ili ipelekwe vitani Mashariki ya Mbali, lakini vita vikaisha kabla haijaenda. Ikaondolewa mizinga, ikatiwa kamera, na tangu 1948 hata 1952 ikawa katika kikosi cha 82, kilichopiga picha za nchi za Afrika Mashariki na Kusini kwa ajili ya ramani. Kikosi hicho kilikuwa na kituo chake hapa Nairobi, katika uwanja wa Eastleigh. Ndege zake zilikuwa za rangi ya fedha. Na katika kikosi hicho PA474 ilikuwa na herufi moja ya kuitambulisha, nayo ni M.

Rangi za vita zilizo juu yake sasa zilipakwa baada ya 1964, ilipochukuliwa kuhifadhiwa. Leo ni moja ya Lancaster mbili tu duniani ambazo bado ni ndege za kuruka. Kwa miaka mingi imevishwa herufi za ndege nyingine ili kuwakumbuka wanajeshi waliokufa: KM-B, AJ-G, QR-M, HW-R na nyingine. Mwaka 2017 iliandikwa AR-L ubavu wa kushoto na VN-T ubavu wa kulia. Mtu aliyesimama upande huu na mwenzake wa upande ule wangeweza kubishana hata jioni, na wote wawili wakawa wakweli.

Na nyanya je? Yeye naye alisema kweli. Lincoln ni ndege iliyotokana na Lancaster, nayo yafanana nayo sana, ila ni kubwa zaidi: upana wake ni karibu meta 37. Toka Novemba 1953 hata 1955 vikosi vya Lincoln vilipokezana Eastleigh, miongoni mwao cha 49 na cha 214, vikatupa mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Hizo zilikuwa nyeusi tumboni na kijivu mgongoni. Kijana alipoipaka Lancaster yake rangi nyeusi tumboni, ndipo nyanya alipoona kile alichokiona utotoni akitazama juu.

Msomaji aweza kuuliza, herufi na rangi zina faida gani? Ni ndege ya bati tu, mchezo wa mtoto. Mimi nasema tofauti yake ni kubwa. Ndege ya kwanza ilibeba kamera. Iliruka mistari iliyonyoka juu ya nchi, ikipiga picha ambazo kila moja ilifunika zaidi ya nusu ya iliyotangulia, ili mpimaji akizitazama mbili pamoja kwa kioo maalumu aone vilima vikisimama na mabonde yakishuka. Katika picha za namna hiyo ndimo zilimotoka ramani nyingi za kwanza za Idara ya Upimaji wa Makoloni, iliyoanzishwa 1946, ambazo sentimeta moja ni nusu kilometa ya ardhi. Mkulima aliyepata kubishana juu ya mto au njia ajua ramani ya haki ina thamani gani. Na Wanubi wa Kibera, waliongoja hata 2017 kupewa hati ya ekari 288, wajua zaidi. Ndege ya pili ilibeba mabomu, na wapo wazee walio hai ambao hawajaisahau sauti yake. Mwenye kuandika alama ya moja juu ya nyingine ameharibu ushahidi wa watu wawili kwa kalamu moja.

Kijana alitengeneza Lancaster mpya, bila mizinga, ya rangi ya fedha, yenye duara la rangi tatu na herufi M. Chini yake tulibandika karatasi: "PA474, kikosi cha 82, 1948 hata 1952." Alitaka kuongeza kwamba ndiyo aliyoiona mzee wa Makina. Nikamkataza. Mzee alikumbuka herufi moja, lakini hakukumbuka ni ipi, na kikosi kilikuwa na ndege nyingi.

Tulimpelekea Jumamosi. Nilimwambia, "Mzee, nilikukosea. Nilikwambia umesahau, na kumbe mimi ndiye nisiyejua. Naomba uniwie radhi." Akaniambia yamekwisha, tunywe kahawa. Kisha akaiweka ndege juu ya kabati, akawaita wajukuu zake waje waone ndege ya ramani.

Baadaye kijana akatengeneza Lincoln, sentimeta 51 bawa hata bawa, nyeusi na kijivu. Hiyo hatukuiandika herufi wala nambari, maana hatukuweza kujua ni ipi kati ya zile zilizopita juu ya nyumba ya nyanya. Aliogopa kumwonyesha, lakini nyanya mwenyewe aliiomba. Aliitazama kimya, kisha akamwambia mjukuu wake akae chini, naye akaanza kumsimulia habari ambazo nyumba ile ilikuwa haijazisikia bado.

Ndugu zangu makarani, kazi yetu ni kuandika, na mwenye kalamu hushawishika kudhani kwamba lililoandikwa ndilo lililo kweli. Faili ni shahidi, na mzee aliyeona ni shahidi. Wakipingana, usimfukuze mmoja kwa haraka. Tazama kwanza kama hawasemi juu ya mambo mawili. Na mahali ambapo ushahidi haukufika, acha wazi. Kwa nini tukaone haya kwa nafasi tupu? Atakayekuja na picha yenye tarehe aweza kuijaza nafasi hiyo kesho, lakini herufi ya uongo itakuwa imekwisha kufundishwa watoto.