Homa kwa Mtu Aliyepandikizwa Kiungo: Fangasi Wanapoingia katika Damu

Katika mwambao wa Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa hadi Mchinga na Lindi mjini, homa ni jambo lililozoeleka. Mtu akitetemeka kwa baridi hushauriwa apime malaria, na ushauri huo ni mwema. Hata hivyo, kwa mtu aliyepandikizwa moyo, mapafu au figo, kipimo hicho peke yake hakitoshi. Homa yake yaweza kuwa imeletwa na bakteria au fangasi waliokwisha kuingia katika damu, na kila siku inayopotea huyaweka maisha yake hatarini.

Kwa nini mtu huyu hushambuliwa kwa urahisi?

Upandikizaji wa figo ulianza nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mnamo Novemba 2017, kisha ukafuatia katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Wanaohitaji moyo au mapafu hupata huduma hiyo nje ya nchi, kisha hurejea nyumbani kuendelea na dawa.

Mwili hukitambua kiungo kipya kuwa ni kigeni na hutaka kukishambulia. Ndiyo maana mgonjwa hutumia maisha yake yote dawa za kupunguza nguvu za kinga, kama vile takrolimasi, mikofenoleti na predinisoloni. Dawa hizi hukilinda kiungo, lakini huwafungulia vimelea mlango. Hatari hiyo ilionekana tangu mwanzo: mtu wa kwanza duniani kupandikizwa moyo wa binadamu mwenzake, huko Cape Town, Afrika Kusini, tarehe 3 Desemba 1967, aliishi siku 18 tu, akafariki kwa nimonia.

Fangasi huingiaje katika damu?

Fangasi waonekanao mara nyingi katika damu ni kandida. Hawa huishi kinywani, tumboni na juu ya ngozi ya mtu mwenye afya bila kumdhuru. Hupata njia ya kuingia kupitia mpira uliowekwa katika mshipa mkubwa wa damu, kupitia kidonda cha upasuaji, au kupitia utumbo, hasa pale dawa za kuua bakteria zinapotumika kwa muda mrefu. Aliyepandikizwa mapafu ana hatari ya ziada, kwa kuwa kiungo chake kipya hupokea hewa ya nje kila anapovuta pumzi. Vumbi lenye mbegu za fangasi waitwao aspergilasi laweza kuanzisha ugonjwa humo.

Dalili zipi zisipuuzwe?

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, au udhaifu usio wa kawaida. Predinisoloni yaweza kuificha homa. Kwa hiyo usingoje joto lipande ikiwa dalili nyingine zipo. Hospitalini, omba kuelezwa kama damu yako itaoteshwa maabara ili kutambua vimelea. Majibu huchukua siku kadhaa, na daktari aweza kuanza tiba kabla hayajatoka.

Je, ninunue dawa ya fangasi dukani?

Hapana. Flukonazoli, inayotumika sana kutibu fangasi, huzuia ini kuivunja takrolimasi. Takrolimasi hurundikana katika damu na yaweza kuharibu figo. Anayepewa flukonazoli na daktari hupimwa damu na kupunguziwa dozi; anayejinunulia hapimwi na mtu. Vilevile, kuiacha ghafla bila kumwarifu daktari kwaweza kushusha kiwango cha takrolimasi na kukihatarisha kiungo.

Isitoshe, wapo kandida wasiosikia flukonazoli. Aina iitwayo auris, iliyotambuliwa Japani mwaka 2009, imekwisha kuripotiwa katika wagonjwa jijini Nairobi. Kandida wa katika damu kwa kawaida huanza kutibiwa kwa dawa za sindano hospitalini, na tiba huendelea kwa wiki mbili au zaidi tangu damu ionekane kuwa safi. Kujisikia nafuu si sababu ya kuikatiza.

Mambo ya kuandaa mapema

1. Weka nyumbani kipimajoto, orodha ya dawa zote pamoja na dozi zake, na namba ya simu ya kliniki inayokuhudumia.

2. Uliza mapema kama hospitali iliyo karibu nawe, iwe Kinyonga iliyopo Kilwa Kivinje au Sokoine iliyopo Lindi, yaweza kuotesha damu au itakupa rufaa. Wakazi wa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Songosongo wapange pia usafiri wa boti wakati wa usiku.

3. Omba akiba ya dawa kabla ya masika. Mnamo Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga. Aliyebakiwa na vidonge vya siku mbili katika hali kama hiyo aweza kukosa pa kuvipata.

4. Usikubali kubadilishiwa takrolimasi ya kiwanda kimoja kwa ya kingine bila idhini ya daktari. Nunua katika famasi iliyosajiliwa, kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na dai risiti.

5. Mwachie mtu mwingine kazi ya kufagia ghala la mahindi, kuchambua mbata zilizoota ukungu na kusafisha banda la kuku. Usiingie katika mapango yenye popo, kama yale ya milima ya Matumbi.

6. Mwarifu daktari kuhusu dawa za asili unazotumia. Baadhi hugongana na dawa za kinga.

Ufikapo hospitalini, usingoje kuulizwa. Sema tangu mapokezi: "Nimepandikizwa kiungo, natumia dawa za kupunguza kinga, na nina homa."