Chumba cha Kwanza Dar es Salaam: Fedha Nyingi Huishia Mlangoni

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Kijana anayekuja kuanza kazi humo mara nyingi hufikia kwa ndugu: sebuleni kwa shemeji Mbagala, au chumbani kwa binamu Manzese, wakilala mzungu wa nne. Huko ndiko anakoanza kuweka akiba ya kupata chumba chake. Akiwauliza waliomtangulia aanze kununua nini, watamtajia godoro, jiko, ndoo na pazia. Vyote vinahitajika, lakini si hivyo vinavyomkwamisha. Kinachomkwamisha ni fedha anayotakiwa kuitoa kwa mkupuo kabla hajaingiza hata kijiko.

Tuchukue mfano wa chumba kimoja cha uswahilini, choo cha pamoja, kodi shilingi 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 420,000. Dalali naye anataka chake, ambacho kwa mazoea ya jiji hili ni kodi ya mwezi mmoja. Jumla 490,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni 500,000 kabla ya makato. Msaidizi wa duka Kariakoo au msusi anayejifunza kazi saluni Sinza hajafika hata hapo.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1984 Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ikiwa na mabaraza ya kusikiliza wapangaji na wenye nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi na idadi ya miezi ya kulipia vimebaki kuwa makubaliano ya watu wawili, mmoja akiwa na nyumba na mwingine akiwa na shida. Suala la kodi ya miezi sita au mwaka mzima limezungumzwa bungeni zaidi ya mara moja, lakini mtaani mambo ni yale yale. Nairobi, mpangaji wa kawaida hulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja, kisha anaendelea mwezi kwa mwezi. Mtu anayepokea mshahara kila mwezi anapaswa kuruhusiwa kulipa kodi kila mwezi; kumdai nusu mwaka ni kumtaka awe na akiba ambayo maisha anayoyaanza bado hayajampa.

Hadi hapo patakaporekebishwa, mpangaji mpya ana njia chache. Ya kwanza ni upatu. Wenzake kumi wa kazini wakichangishana 50,000 kila mwezi, zamu yake ikifika anapokea 500,000, kiasi kinachotosha kuingilia chumbani. Kazi ni kuomba zamu hiyo iangukie mwezi anaotaka kuhama, na watu huelewa wakielezwa mapema. Ya pili ni kuomba miezi mitatu. Wenye nyumba wengi hukataa wakiombwa na dalali, lakini hulegea wakimwona mtu mwenyewe, akiwa na barua ya kazi na mtu mmoja wa mtaa huo anayemjua. Kwa sababu hiyo, kumuuliza muuza genge au fundi cherehani wa mtaa kama kuna chumba kilicho wazi kunaweza kupunguza mkupuo kwa kodi ya miezi mitatu na kuokoa fedha ya dalali.

Njia ya kuepukwa kabisa ni mkopo wa haraka wa kwenye simu na mikopo ya mtaani ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Mtu anayeingia chumbani akiwa na deni la aina hiyo atakuwa analipa kodi mbili, na ya pili haina huruma.

Fedha ikipatikana, isitoke mfukoni kabla mpangaji hajaonana na mwenye nyumba ana kwa ana. Chumba kimoja kuuzwa kwa watu watatu na dalali mmoja ni kisa kinachojulikana jijini. Mkataba uandikwe hata kama ni wa ukurasa mmoja: kodi ni kiasi gani, imelipwa hadi lini, maji na umeme vinalipwaje, notisi ya kuhama ni ya muda gani. Ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pazuri pa kuusainia mbele ya shahidi. Ugomvi ukitokea baadaye, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litataka kuona karatasi.

Kisha kuna chumba chenyewe, na hapa wageni wengi hudanganywa na rangi mpya na vigae. Chumba rahisi kinaweza kuwa ghali kwa namna tatu: nauli, maji na umeme.

Nauli ni hesabu ya dakika moja. Anayepanda daladala mbili kwenda kazini na mbili kurudi, kila moja 600, anatumia 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400, karibu sawa na kodi ya chumba kingine. Aliyepata chumba cha 50,000 mbali na barabara anaweza kuwa anakaribia matumizi ya aliyelipa 90,000 karibu na kituo cha mwendokasi Kimara, ambako anapanda basi moja tu hadi Kivukoni. Akitembelea chumba, aende saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, aone foleni na msongamano wa kituoni kwa macho yake.

Maji yaulizwe kwa wapangaji, asiulizwe mwenye nyumba. Yanatoka siku ngapi kwa wiki? Yasipotoka, dumu la lita 20 linauzwaje? Na kuna maji mengine, yale yasiyoalikwa. Nyumba za mabondeni huwa na kodi ya chini kwa sababu ambayo mtu huijua masika, kati ya Machi na Mei. Kiangazi ukuta husema wenyewe: mstari wa unyevu uliopita usawa wa goti, rangi iliyobanduka chini tu, kizingiti cha saruji kilichoinuliwa mlangoni. Akiona hivyo, aondoke, hata kama kodi imepunguzwa nusu.

Umeme unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiko fedha ndogo ndogo zinakovuja. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Aliye katika kundi la juu yake hulipa 292. Mtu mmoja mwenye feni, balbu na simu ya kuchaji hawezi kufika 75 kirahisi. Lakini nyumba ya uswahilini ina vyumba sita na mita moja ya Luku. Kila chumba kikitumia uniti 25 tu, nyumba nzima inafika 150, na wote wanalipa bei ya juu. Uniti 25 ambazo zingemgharimu 2,500 zinakuwa 7,300. Mwenye friji na pasi ndani ya nyumba hiyo anawapandishia wenzake wote, na ndiyo asili ya ugomvi mwingi wa korido.

Swali la kuuliza basi ni hili: mita ni ya nani, na inagawanywaje? Kama kila chumba kina mita ndogo ya ndani, mtu atalipa alichotumia, ingawa kwa bei ya kundi. Kuna pia kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa mtu anaponunua Luku. Kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, na mpangaji anayeilipa ana haki ya kuomba ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Aseme hivyo siku ya kuandikishana mkataba, kwa heshima, kwa sababu baada ya hapo baba mwenye nyumba ataiona kama chokochoko.

Ndipo inapokuja zamu ya vitu, na sasa orodha inakuwa fupi kuliko alivyodhani. Usiku wa kwanza unahitaji kufuli jipya, balbu, godoro, shuka, chandarua, pazia, ndoo mbili zenye mifuniko, beseni na ufagio. Kufuli ni la kwanza, kwa sababu hakuna ajuaye funguo za lile la zamani ziko kwa nani. Mifuniko si mapambo: mbu wa homa ya dengi, iliyolikumba jiji mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na huuma mchana wakati chandarua kimefungwa juu.

Godoro linunuliwe jipya, hata kama ni dogo, la tatu kwa sita. Godoro la mtumba linaweza kuingia na kunguni, na kuwatoa kutagharimu zaidi ya alichookoa. Kitanda kinaweza kusubiri mwezi wa pili au wa tatu, mradi godoro lilalie mkeka na liegeshwe ukutani kila asubuhi, maana sakafu ya saruji hupandisha unyevu na kuvu huanzia upande usioonekana. Muda wa kitanda ukifika, maseremala wa Keko, Temeke, wanaweza kukitengeneza kwa kipimo, na mteja akalipa kidogo kidogo hadi kikamilike. Mashuka na mapazia mazito ya mtumba yako Karume, Ilala, na hayo hayana tatizo baada ya kuchemshwa na kuanikwa juani. Dirisha lipimwe kwanza kwa kamba. Pazia fupi ni fedha iliyotupwa.

Jiko ndilo uamuzi mgumu. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, kwa hiyo unaonekana rahisi kila siku, ilhali mtungi wa gesi wa kilo 6 na kichwa chake hutaka fedha yote siku moja. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na mitungi ya ruzuku imekuwa ikitolewa, hivyo inafaa kuulizia serikali ya mtaa. Hata asipoipata, gesi iwe kitu kikubwa cha kwanza kununuliwa baada ya godoro. Mtu wa chumba kimoja analala anapopikia. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa mvua, mlango umefungwa, hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na watu hufa usingizini. Gesi nayo ina masharti yake: mtungi usimame karibu na dirisha, na maungio yapakwe povu la sabuni kila ukibadilishwa, kuona kama linatoa mapovu.

Runinga, kabati na sofa vinaweza kuja baadaye, kwa sababu mwezi wa sita uko njiani. Wapangaji wapya wengi husahau kwamba ule mkupuo wa kwanza utarudi. Katika mwezi wa nne ndipo pa kumuuliza mwenye nyumba kama kodi itapanda, muda wa kutafuta kwingine ungali upo. Na kwa chumba chetu cha 70,000, akiba inayotakiwa ni takribani 2,700 kila siku ya kazi, kuanzia wiki ile ile ya kuhamia.