Kufundisha Ngeli kwa Wanafunzi Wanaozijua Tayari



Tunapowatembelea walimu wanafunzi wetu mashuleni wakati wa mazoezi ya kufundisha, somo tunalolikuta mara nyingi ni la ngeli za nomino. Mwalimu huchora jedwali ubaoni: A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA. Wanafunzi hunakili. Kengele hulia, na darasa zima huondoka bila hata mmoja wao kutamka sentensi ya Kiswahili. Wiki inayofuata wanaulizwa wingi wa "mti umeanguka" na wanajibu "miti umeanguka".

Jambo hili si dogo. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika hapa Uganda mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Baada ya hapo mwanafunzi huchagua. Ikiwa miaka hiyo miwili ameitumia kunakili majedwali, atakiacha, nasi tutakuwa tumeipoteza nafasi tuliyoingoja kwa muda mrefu. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne ambayo hayahitaji fedha wala vifaa.

1. Anzia kwenye lugha ya mwanafunzi. Mtoto anayezungumza Luganda anazo ngeli kichwani tangu utotoni. Andika ubaoni: "Ekitabo kino kigudde, ebitabo bino bigudde." Chini yake andika: "Kitabu hiki kimeanguka; vitabu hivi vimeanguka." Kisha nyamaza. Waache wenyewe waone kwamba "ki" inajirudia katika kila neno, na kwamba "bi" ya kwao imekuwa "vi". Fanya vivyo hivyo kwa "omuti guno gugudde" na "mti huu umeanguka". Jedwali lije mwisho, kama muhtasari wa walichokigundua.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, maneno yanayofanana si lazima yawe na maana moja: "okuwa" ya Luganda ni kupa, si kuwa. Pili, daraja hili ni la lugha za Kibantu. Mwalimu aliyeko Acholi au Lango hawezi kulitegemea, kwa kuwa lugha za huko hazina upatanisho wa ngeli wa namna hii. Huyo aanze na vitu vyenyewe: ashike kiti kimoja, kisha viwili, wanafunzi waseme wanachokiona, mpaka sikio lizoee.

2. Sikio litangulie kalamu. Katika Luganda r hutamkwa baada ya irabu e na i, na l mahali pengine. Kwa mzungumzaji wake hizo si sauti mbili zinazotenganisha maana. Ndiyo sababu mwanafunzi husema "natafuta mahari pa kukaa", na Mswahili akashangaa kusikia habari za posa. Usimkemee. Mpe jozi za maneno: mahali na mahari, kalamu na karamu. Tamka moja, naye aonyeshe kwa kidole umetamka lipi. Akishaweza kuzitofautisha kwa kusikia, ndipo umdai atamke.

3. Kila mwanafunzi aseme. Tuchukue darasa la wanafunzi 80 na kipindi cha dakika 40. Ukimsimamisha mmoja mmoja, kila mmoja atapata nusu dakika, hata kama wewe mwenyewe hutasema neno. Lakini ukiwapanga wawili wawili kwa dakika 10 tu, kila mmoja atapata takriban dakika 5 za kuzungumza. Kelele zitakuwapo. Wape kazi fupi yenye mwisho unaojulikana: mmoja aulize bei ya vitu vitano sokoni, mwenzake ajibu, kisha wabadilishane. Mwalimu apite katikati ya madawati akisikiliza.

4. Sahihisha kosa moja kwa wakati. Somo likiwa la KI-VI, sahihisha KI-VI. Mengine yaandike kwenye daftari lako uyafundishe siku nyingine. Tumeona daftari lililojaa wino mwekundu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mwenye daftari hilo hakuwa tena akinyoosha mkono darasani.

Hatusemi kwamba jedwali la ngeli litupwe. Mtihani utalidai, na mwanafunzi mwenyewe atalihitaji kupanga mawazo yake. Tunachosema ni kwamba liwe mavuno, lisiwe mbegu.

Tunaomba kila mwalimu ajaribu hata jambo moja kati ya haya muhula huu, katika darasa moja, kisha atuandikie lililofaulu na lililoshindikana. Mkiona mahali tulipokosea, tuambieni pia, maana ninyi ndio mlio mbele ya ubao kila siku.