Daraja Limebaki, Barabara Imeondoka

Januari 2014 maji yalipoikata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma pale Dumila, wilayani Kilosa, habari ilienea nchi nzima kwa maneno manne: daraja la Dumila limekatika. Mabasi yalipanga foleni pande zote mbili, na helikopta zikatumwa kuwaokoa watu waliozingirwa na maji katika vijiji vya Magole na jirani zake. Baada ya siku chache za kumwaga mawe usiku na mchana, magari yakaanza kupita tena.

Jiulize: daraja lililovunjika hujengwa kwa siku chache? Haiwezekani. Iliwezekana kwa sababu kilichoondoka si daraja. Kilichosombwa ni tuta la udongo linaloliunganisha daraja na barabara. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya, kwa kuwa tukikosea kutaja kilichoharibika, tutakosea pia kutafuta dawa.

Wilaya moja, njia tatu

Tazama ramani ya Kilosa kwa utulivu. Kaskazini, kwa Dumila, inapita barabara ya kwenda Dodoma na mikoa ya Kanda ya Ziwa. Kusini, kwa Mikumi, inapita barabara ya TANZAM iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, na hapo hapo Mikumi ndipo inapochepuka njia ya Kidatu na Ifakara. Katikati, kwenye mji wenyewe wa Kilosa, inapita Reli ya Kati. Barabara ya Dumila–Kilosa–Mikumi inaziunganisha njia hizo tatu kama uzi, ingawa kipande cha kusini cha uzi huo kimekuwa cha changarawe kwa muda mrefu.

Njia zote hizo zinapita chini ya milima ya Ukaguru na Rubeho, na zote zinavuka mito inayoshuka kutoka huko kwenda uwanda wa Mkata. Hakuna ajabu yoyote. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilifuata bonde la Mto Mkondoa, kwa kuwa mto ulikwishapasua milima na kumwachia mtu mteremko wa wastani. Henry Morton Stanley alipita Mkata katika masika ya 1871 akakuta uwanda umegeuka bwawa. Aliporudi mwaka 1872 alikuta hali mbaya zaidi: mafuriko yalikuwa yameangusha sehemu ya ukuta wa Simbamwene, mji uliokuwa mahali ilipo Morogoro ya leo. Aprili ya mwaka huo huo kimbunga kikubwa kilikuwa kimeipiga Unguja.

Wajerumani walioanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 nao walilifuata bonde. Treni ya mvuke haipendi mlima, hivyo reli ikaandamana na mto kutoka Kilosa hadi Kidete na kuendelea hadi Gulwe. Ule uamuzi wa kupunguza mteremko ukawa na deni lake: reli ikawa jirani wa kudumu wa Mto Mkondoa. Deni hilo lilidaiwa mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010. Tuta la kuukinga mji wa Kilosa lilibomoka, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikaharibika vibaya. Safari za treni kutoka Dar es Salaam kwenda bara zilisimama kwa miezi kadhaa.

Maji yanavyoila barabara

Sogea karibu na ukingo wa barabara iliyokatwa na maji. Juu utaona lami, unene wake kama kiganja cha mkono. Chini yake tabaka la kokoto, halafu udongo ulioshindiliwa. Lami mara nyingi huwa imetokeza hewani, haina kitu chini yake, na mstari mweupe wa pembeni bado unaonekana safi. Hiyo ni alama ya kwamba maji hayakuipasua kutoka juu. Yameila kutoka chini.

Inakuwaje? Mto ukifurika husambaa uwandani, pengine kwa mamia ya mita. Barabara iliyoinuliwa kwa tuta hugeuka boma linalozuia maji hayo yote, na njia pekee ya kupita inakuwa ule mwanya chini ya daraja. Maji yakibanwa hukimbia, na yakikimbia hupata nguvu: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Kumbuka kwamba kila mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Hapo ndipo yanapoanza kuchimba chini ya nguzo na pembeni mwa kingo.

Kisha yanakuja magogo. Mto wenye hasira haubebi maji peke yake. Hubeba miti iliyong'oka, mabua ya mahindi na matete, vikajikusanya kwenye mwanya wa daraja kama taka kwenye mdomo wa mtaro. Mwanya ukiziba, maji hupanda na kutafuta mahali pa chini penye udongo laini, yaani tuta la pembeni. Yakishavuka juu ya lami huporomoka upande wa pili na kuanza kuchimba ukingo wa tuta, kutoka nje kuelekea ndani, mpaka lami inabaki bila kitako. Daraja la zege linabaki limesimama katikati ya mto, lakini hakuna pa kulipandia.

Tena hatari haiishi mvua inapokatika. Tuta lililolowa kwa siku mbili lina uzito mkubwa na mshiko mdogo. Maji ya nje yakipungua ghafla, yale yaliyomo ndani hayana tena kinachoyazuia, na udongo huteleza. Ndiyo maana barabara hukatika hata siku ambayo jua linawaka, na ndiyo maana dereva anayeona maji yamepungua hana haki ya kuamini kwamba njia ni salama.

Mchanga wa Dodoma

Kuna adui mwingine asiye na kelele, naye ni mchanga. Mkondoa hauanzii Kilosa. Sehemu ya maji yake huletwa na Mto Kinyasungwe kutoka Dodoma, nchi kame yenye udongo mwepesi kusombwa, na mbele ya Kilosa maji hayo huingia Mto Wami. Miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walipima mabwawa ya Dodoma, likiwemo la Ikowa, wakaonyesha jinsi yanavyojaa mchanga kwa kasi. Bwawa lililojaa mchanga haliwezi tena kuyashika maji ya gharika.

Mchanga unaopita hapo hutua pale mteremko unapolala, yaani Kilosa. Sakafu ya mto hupanda mwaka hadi mwaka. Daraja lililojengwa na nafasi ya kutosha chini yake hujikuta limebakiwa na nafasi ndogo, ingawa halijashuka hata kidole kimoja. Basi mvua ile ile iliyopita salama zamani sasa inavuka juu ya barabara. Tunailaumu mvua, kumbe mto umepanda.

Kimbunga na Kilosa

Wengine watasema: Kilosa iko mbali na bahari, vimbunga inavihusu nini? Ni kweli kwamba namna ya kuharibu hutofautiana. Kimbunga Katrina kilipoipiga Marekani Agosti 2005, bahari yenyewe ilipanda na mawimbi yakayainua na kuyasukuma mapande mazito ya zege ya daraja la barabara kuu karibu na New Orleans. Nguzo zilibaki, sakafu ikaondoka. Daraja jipya likajengwa juu zaidi.

Kwetu Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika pwani, karibu na Mafia, kilikuwa kinapoteza nguvu. Hata hivyo mvua yake iliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kilichoondoka huko ni makalavati na matuta, kama Dumila.

Kilosa nayo haihitaji kupigwa na upepo ili idhurike. Bahari ya Hindi ya magharibi ikipata joto kupita kawaida, vuli hugeuka gharika. Pengine kimbunga kikiwa mbali, kwenye Mlango Bahari wa Msumbiji, huvuta unyevu kutoka Kongo ukapita juu ya nchi yetu na kumwagika milimani. Njia ni nyingi, mwisho ni mmoja: maji mengi kwa muda mfupi, yakishuka kwenye mwanya ule ule.

Tufanye nini

Machi 2020 daraja la Kiyegeya, Gairo, wilaya iliyokuwa sehemu ya Kilosa hadi 2012, lilikatika, na magari ya Dodoma yakalazimika kuzunguka kwa Iringa. Maana yake yalipita Mikumi. Njia ya kaskazini ilisaidiwa na ya kusini. Siku njia zote mbili zikikatwa na mvua moja, nchi itazungukia wapi? Kwa hiyo, kwanza, barabara ya Dumila–Kilosa–Mikumi isihesabiwe kuwa ya wilaya. Ni akiba ya taifa.

Pili, tuwape maji milango zaidi. Makalavati ya ziada katika uwanda, mbali na mto mkuu, hupunguza shinikizo kwenye daraja. Matuta ya kuingilia madaraja yavikwe mawe makubwa au mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, pande zote mbili, kwa kuwa upande wa chini ndio huanza kuliwa. Kwenye barabara ndogo za vijijini, kivuko cha zege kinachokubali maji yapite juu yake kwa saa chache ni bora kuliko kalavati dogo litakalosombwa kila mwaka.

Tatu, tupande mlimani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila shamba linalolimwa hadi mdomoni mwa maji, na kila mteremko uliokatwa miti kwa ajili ya mkaa, ni lori la mchanga lililoagizwa Kilosa. Wakala za barabara, TANROADS na TARURA, haziwezi kuushinda mchanga huo peke yao. Bodi za maji za mabonde, halmashauri za Dodoma na Morogoro na wakulima wenyewe ni sehemu ya ujenzi wa daraja, hata kama hawajawahi kushika koleo la zege.

La mwisho ni dogo na la bei nafuu kuliko yote. Kila mwaka kabla ya vuli, watu wenye majembe na mapanga wapite kwenye kila daraja na kila kalavati, waondoe magogo, wazoe mchanga, wazibe nyufa za kingo. Kazi hiyo haina utepe wa kukata wala jiwe la msingi la kuzindua, na ndiyo maana huachwa. Lakini ndiyo itakayoamua kama mgonjwa anayetoka kijiji cha Rudewa atafika hospitali usiku wa mvua. Kiongozi wa kijiji, diwani, mhandisi wa wilaya: usisubiri mawingu yakae juu ya Ukaguru. Nenda ukalitazame kalavati lako sasa, likiwa kavu.