Rapa Akishavuka Arobaini
(Sehemu ya Pili)

Novemba 2023, André 3000, nusu ya kundi la OutKast la Atlanta, alitoa albamu ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Mashabiki walikuwa wameisubiri mpaka wakakata tamaa. Ilipokuja, haikuwa na mstari hata mmoja wa kuchana. New Blue Sun ni filimbi tupu kwa zaidi ya dakika themanini, na wimbo wa kwanza umepewa jina refu la kujitetea: kwamba kweli alitaka kufanya albamu ya rap, ila upepo umempeleka kwingine. Alipohojiwa na jarida la GQ alifafanua. Ana miaka 48, macho yameanza kumpa shida, umri umefika wa kwenda kupimwa utumbo. Mambo hayo nani atayachania?

Kauli hiyo ilizungumzwa kuliko filimbi zenyewe. Lil Wayne alisema imemsikitisha, maana yeye anaona bado ana mengi ya kusema. Mimi nadhani André alitupa swali ambalo kila mhakiki anayeandika kuhusu albamu za wakongwe wa hip-hop alipaswa kuanza nalo. Wengi wamelipita kando.

Juma lililopita nilieleza jinsi jarida la The Source lilivyoanzisha desturi ya kuzipima albamu kwa maiki, tano zikiwa ndiyo kilele. Mizani hiyo, na zote zilizofuata baada yake, ilitengenezwa kwa ajili ya vijana. Mwaka 1994 Minya Oh, aliyekuwa mwanafunzi wa kazi pale jaridani, aliipa Illmatic maiki tano, na Nas alikuwa na miaka 20. Kilichopimwa ni vina, biti, pumzi, na kama mtaa anaousimulia anaujua kweli. Kwa kijana vigezo hivyo vinatosha, kwa sababu kila anachokisema kinasemwa kwa mara ya kwanza. Ugumu unaanza kijana huyo akiwa na miaka hamsini na albamu kumi na kitu nyuma yake. Hapo wahakiki hubaki na vigezo vilevile, na rapa husifiwa kama babu aliyepanda mnazi: watu wanashangilia kwamba amefika juu, hakuna anayeuliza kama ameshuka na dafu.

Nas ni mfano mzuri, na umri wake unakaribia kulingana na wa hip-hop yenyewe. Sherehe ya DJ Kool Herc pale Bronx, inayohesabiwa kuwa chimbuko, ilifanyika tarehe 11 Agosti 1973, na Nas akazaliwa mwezi uliofuata. Kwa miaka mingi lawama aliyobebeshwa ilikuwa moja: mistari ya dhahabu, biti za kuokoteza. Mwaka 2018 alijaribu kwa Kanye West, wakatoa Nasir yenye nyimbo saba, na mapokezi yakawa baridi. Kisha akakutana na Hit-Boy, prodyuza wa California aliye mdogo kwake kwa karibu miaka kumi na minne. Kati ya Agosti 2020 na Septemba 2023 wakatoa albamu sita: King's Disease tatu na Magic tatu. Ile ya kwanza ikampa Nas Grammy yake ya kwanza, Machi 2021. Ya mwisho ilitoka siku aliyotimiza miaka hamsini.

Wahakiki wengi wanaiweka King's Disease III juu ya zote, na hapo sina ugomvi nao. Hakuna rapa mgeni hata mmoja, kwa hiyo Nas hana pa kujificha. Hit-Boy anabadilisha biti katikati ya wimbo bila kuaga, na Nas anahama nayo kama vile alikuwa amejulishwa usiku uliotangulia. Lakini nikizisikiliza zote sita mfululizo, nasikia mambo matatu yakizunguka: Queensbridge ya zamani, marafiki waliokufa au kufungwa, na fedha alizowekeza zikazaa. Mhakiki anayeandika kwamba Nas ana pumzi za kijana anasema kweli, ila amepima kifua tu. Laiti sita hizo zingechujwa zikabaki tatu, tungekuwa na kazi ya kuwekwa kando ya Illmatic bila aibu. Kwa sasa tuna mazoezi mengi mazuri na albamu mbili hivi.

Haiwezi kusemwa kwamba njia nyingine haikuwepo. Jay-Z aliionyesha tangu Juni 2017, akiwa na miaka 47, kwa albamu ya 4:44: nyimbo kumi, dakika thelathini na kitu, prodyuza mmoja, No I.D. Humo alikiri kumsaliti mkewe, na akamzungumzia mama yake, Gloria Carter, mwanamke aliyeishi miaka mingi akiuficha upendo wake kwa wanawake wenzake. Kijana wa miaka ishirini asingeweza kuiandika, hata awe na kipaji cha namna gani. Hicho ndicho kigezo ninachokitafuta mimi, na ndicho nilichokwenda nacho kwa Clipse.

Clipse ni ndugu wawili wa tumbo moja, Malice na Pusha T, waliokulia Virginia Beach. Walijulikana mwaka 2002 kwa Lord Willin', na mwaka 2006 wakatoa Hell Hath No Fury, ambayo wapenzi wa rap ngumu hadi leo wanaitaja kwa heshima. Maudhui yao yalikuwa biashara ya kokeini, na haikuwa hadithi ya kutungwa tu, kwani aliyekuwa meneja wao alihukumiwa miaka 32 jela kwa biashara hiyo hiyo. Baada ya albamu ya 2009 kaka mtu aliacha. Akaokoka, akaandika kitabu, akajiita No Malice. Mdogo wake akaendelea peke yake. Let God Sort Em Out, iliyotoka tarehe 11 Julai 2025, ndiyo albamu yao ya kwanza kwa karibu miaka kumi na sita. Pusha alikuwa na miaka 48, Malice akikaribia 53.

Sifa zilimiminika, na nyingi ziliangukia wimbo wa ufunguzi, "The Birds Don't Sing". Ni haki yake. Wazazi wao walifariki wakifuatana, kwa tofauti ya miezi michache tu, na humu ndugu wamegawana maombolezo: Pusha anamchukua mama, Malice anamchukua baba. Piano inatangulia, John Legend anaimba kiitikio, na nyuma yake inapanda kwaya ya injili ya Voices of Fire, ya huko huko Virginia. Msikilize Pusha anavyoyarudia mazungumzo ya mwisho na mama, akitafuta dalili zilizompita. Halafu Malice anaingia na vitu vidogo vya nyumbani, hadi simu ya marehemu baba. Hakuna anayepaza sauti. Yeyote aliyewahi kupanga vitu vya mzazi baada ya arobaini kupita ataufahamu wimbo huu hata asipojua Kiingereza.

Sasa geukia wimbo wa pili. Tumekwisha toka msibani, tumeingia kwenye vito vya thamani, maadui, na mizigo ya unga. Tunabaki huko karibu hadi wimbo wa kumi na tatu, ambao ndio wa mwisho. Wapo wahakiki waliolalamika kwamba Pharrell Williams, aliyetengeneza albamu nzima, biti zake zimekuwa laini mno tangu aanze kusimamia mavazi ya kiume ya Louis Vuitton kule Paris. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni "So Be It". Biti ya wimbo huo imejengwa juu ya sauti ya Talal Maddah, mwimbaji mkubwa wa Saudia aliyefariki mwaka 2000. Fidla zinalia na kurudi, zinalia na kurudi, na ngoma chini yake ni kavu, haina pambo lolote. Msikilizaji aliyezoea taarabu, awe wa Zanzibar au wa Muscat, atazitambua fidla zile kabla hajalisikia neno la kwanza la Pusha. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo biti bora ya albamu za hip-hop za mwaka ule.

Lawama yangu iko kwingine, na nashangaa wahakiki wengi waliigusa kwa ncha ya kidole tu. Mtu aliyeiacha biashara ile hata kwa maneno, akabadilisha jina kwa ajili ya imani yake, amerudi kuizungumzia. Amerudi nayo vipi? Malice, kwa sikio langu, ana jibu. Mistari yake ina deni ndani yake. Anapotaja mzigo anataja na aliyezikwa kwa ajili yake. Pusha hana. Anachana kwa ufundi ule ule wa 2006, kwa dharau ile ile, na ukiondoa wimbo wa wazazi hutajua kwamba miaka imepita. Kusema Malice amemfunika mdogo wake, kama ilivyosemwa na wengi, ni sahihi. Sababu waliyoitoa ndiyo pungufu, kwa kuwa walihesabu vina.

Kuna kisa cha pembeni kilichokula nafasi kubwa magazetini. Pusha alieleza kwamba lebo ya Def Jam ilitaka mistari ya Kendrick Lamar kwenye "Chains & Whips" ipunguzwe makali au iondolewe, katika kipindi ambacho bifu la Kendrick na Drake lilikuwa limefika mahakamani. Ndugu wakakataa, wakalipa ili watoke, wakaitoa albamu kupitia Roc Nation. Kisa kitamu, lakini makala nyingi za uhakiki zilikisimulia kwa aya nne kabla ya kufika kwenye muziki.

Nimrudie André na kipimo chake cha utumbo. Mwaka huohuo wa 2023 aliposema mtu wa rika lake hana cha kuchania, Profesa Jay wetu, rika lake kabisa, alitoa "Siku 462". Huyu ndiye aliyeandika "Ndiyo Mzee" kuwakejeli wanasiasa wenye ahadi hewa, kisha akawa mbunge wa Mikumi yeye mwenyewe kuanzia 2015. Aliugua vibaya, akalazwa muda mrefu hata watu wakaanza kunong'ona. Alipopona akachukua maiki akayasimulia yale ya kitandani. Wodi, dawa, usiku usiokwisha: ndiyo yale yale ambayo André aliyaona hayafai kuwekewa biti. Tanzania yote ilisikiliza. Sisemi wimbo huo ni bora kuliko New Blue Sun, ni vitu viwili visivyolinganishika, na albamu ya filimbi ina dakika zake nzuri sana ukiipa usiku mzima. Nasema hoja ya André ilikuwa na jibu, na jibu halikuhitaji kutoka New York.

LL Cool J nitampitia haraka. The FORCE, ya Septemba 2024, ilikuwa albamu yake ya kwanza kwa miaka kumi na moja, akiwa na miaka 56. Kazi ya Q-Tip kwenye biti ni ya hali ya juu, na waliomsifu walikuwa wakimsifu Q-Tip hata pale walipoandika jina la LL.

Eminem ndiye aliyewasumbua wahakiki kuliko wote, naye wamemsumbua. Revival, ya Desemba 2017, waliichanachana, na miezi minane baadaye akawajibu kwa albamu nzima, Kamikaze, akiwatukana karibu mmoja mmoja. Julai 2024 alitoa The Death of Slim Shady, akiwa na miaka 51. Iliingia namba moja kwenye chati ya Billboard, na maoni yakagawanyika vipande. Waliomponda walisema vichekesho vyake vya kuwachokoza vijana wa leo vimechacha. Kweli vimechacha. Ila wazo lililobeba albamu ni zuri: mtu mzima anamkalisha chini Slim Shady, yule kijana mtundu aliyekuwa yeye mwenyewe na aliyempa utajiri, anamsuta, kisha anamuua. Kwenye "Guilty Conscience 2" wawili hao wanagombana uso kwa uso, na lawama zote ambazo mhakiki angeandika zimo humo tayari. Kosa ni kwamba kabla ya kumuua amemwachia maiki kwa nusu ya albamu, na nusu hiyo inachosha.

Kisha inafika "Somebody Save Me", wimbo wa kufungia, aliomshirikisha Jelly Roll. Desemba 2007 Eminem alinusurika kufa kwa vidonge vya methadoni. Humu anajifanya hakunusurika. Anawaomba radhi watoto wake kwa shughuli zao zote ambazo marehemu hakuzihudhuria, moja baada ya nyingine, na mbwembwe za vina zinapungua mpaka zinaisha. Walioipa albamu hii alama ndogo hawakukosea hesabu, ila wimbo huo wengi wao waliutaja kwa sentensi moja mwishoni, wakati ulistahili kuwa ndio mlango wa makala yao.

Juma lijalo tutashuka kwenye rika la chini kidogo, la Kendrick Lamar na Tyler, the Creator, ambao wameanza kuongea na wazazi wao wangali kwenye thelathini.